Usianze na "Mwema": Mwongozo wa Kuchezesha Njia ya Unyanyembe

Huenda unapanga kuendesha mchezo wa uigizaji wa mezani, ule ambao watu wanne au watano hukaa na karatasi, kalamu na dadu, mmoja wao akawa mwendesha mchezo na wengine kila mmoja akawa mtu wa kubuni. Kama hadithi mliyoichagua ni ya msafara unaotoka Bagamoyo kwenda Ujiji kwa njia ya Tabora, nakusihi ufanye jambo moja kabla dadu haijarushwa. Ifute ile nafasi kwenye karatasi ya mhusika inayouliza kama mtu huyu ni mwema au mwovu, mshika sheria au mvunja sheria. Mahali pake weka maswali matatu: ana deni kwa nani, amemwahidi nani nini, na ni jambo gani hatalifanya hata akipewa pembe zote za msafara. Mengine yote katika mwongozo huu yanatoka kwenye badiliko hilo, na nitajaribu kukuonyesha kwa nini Unyanyembe, nchi ulimo mji wa Tabora, inalidai kuliko nchi nyingi za kubuni.

Nafasi ninayokuomba uifute ina historia. Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka Marekani mwaka 1974, ulimtaka kila mhusika awe upande wa Sheria, upande wa Fujo, au katikati. Wazo hilo lilitoka kwenye riwaya za njozi za akina Poul Anderson na Michael Moorcock, ambamo Sheria na Fujo ni nguvu mbili zinazougombea ulimwengu. Kuuliza mwelekeo wa mtu kulikuwa karibu sawa na kuuliza yumo katika jeshi gani. Kufikia 1978 wema na uovu vilikuwa vimeongezwa, mielekeo ikawa tisa, na mwaka uliofuata kitabu cha waendesha mchezo kikaagiza kwamba mhusika anayegeuka mwelekeo ashushwe daraja. Swali likawa limebadilika bila watu kutambua. Mwanzoni mchezaji aliulizwa anampigania nani; sasa aliulizwa ni mtu wa namna gani, na hakimu wa jibu lake ni rafiki aliyekaa naye meza moja. Sehemu kubwa ya ugomvi wa kimaadili katika michezo hii inaanzia hapo. Toleo la 2014 liliubakiza mwelekeo kama pambo, likaweka kando yake maadili, vifungo na kasoro za mhusika. Kwa hiyo hata wenye mchezo wenyewe walishaanza kusogea huku ninakokuelekeza.

Sasa tuje Tabora. Mwaka 1871 wafanyabiashara Waarabu wa mji huo walikuwa vitani na Mirambo, mtawala wa Urambo, na Henry Morton Stanley, aliyefika Unyanyembe mwezi Juni akiwa njiani kumtafuta Livingstone, aliingia upande wao. Stanley aliandika walichomweleza wenyeji wake: kwamba Mirambo aliusimamisha msafara uliokuwa ukienda Ujiji, akadai mapipa matano ya baruti, bunduki tano na robota tano za nguo, akalipwa, kisha akauamuru urudi ulikotoka. Mtu wa namna hiyo ungempa mwelekeo gani? Stanley hakusita: alikuwa mnyang'anyi. Agosti mwaka ule Waarabu waliivamia Wilyankuru, ngome ya Mirambo, wakateka pembe na watu; walipokuwa wakirudi na nyara zao Mirambo akawavizia njiani, na Soud bin Sayd bin Majid akauawa na wengi wa wenzake. Kabla mwezi huo haujaisha Mirambo aliingia Tabora yenyewe, akaichoma sehemu yake, na Khamis bin Abdullah akafa akipigana. Haya, songa mbele hadi Aprili 1876. Stanley yuleyule anakutana na Mirambo yuleyule, anamkuta ni mtu mpole wa maneno na mwenye adabu, na wawili hao wanachanjiana udugu wa damu. Katika maandishi yake anamfananisha hata na Napoleon Bonaparte. Katika miaka hiyo mitano Mirambo hakutubu wala hakuacha vita. Kilichobadilika ni mahali aliposimama yule anayemtazama: mara ya kwanza alikuwa mgeni wa adui zake, mara ya pili alikuwa msafiri aliyehitaji njia iwe salama.

Usidhani ninachosema ni kwamba Mirambo alikuwa mwema na Waarabu waovu, maana hilo lingekuwa kosa lilelile lililogeuzwa juu chini. Mirambo alijenga dola kwa vita na kwa rugaruga wake, vijana wenye silaha walioogopwa kila walikopita. Mwaka 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliokuwa katika safari ya tembo iliyogharimiwa na Wabelgiji, waliuawa katika shambulio la majeshi yake. Wakati huohuo alikuwa amempokea Ebenezer Southon, daktari wa Misheni ya London, akamwacha akae Urambo. Ukimwandikia neno moja kwenye karatasi yake, utalazimika kila kikao kulitetea neno hilo dhidi ya nusu ya maisha yake. Ukiandika kwamba anataka njia ya pembe ipite mikononi mwake, kwamba hatambui haki ya Tabora kumweka mtawala wa Unyanyembe, na kwamba amechanjiana na watu fulani kwa hiyo hawezi kuwapiga, basi utajua papo hapo atafanya nini wachezaji wako wakimtokea na mizigo arobaini.

Hata lile neno "mshika sheria" haliwezi kusimama kwenye njia hii mpaka uulize: sheria ya nani? Chukua mfano wa hongo. Msafara uliopita Ugogo ulilipa hongo kwa kila mtemi, kwa nguo na shanga, ili upite na ufikie maji katika nchi ambayo maji ni machache. Wasafiri wa Ulaya waliiandika hongo kama wizi wa mchana. Kwa Mgogo aliyechimba kisima na kukilinda, mwizi ni yule anayeleta mamia ya vinywa na kunywa bure. Huko Unyanyembe, Mnywa Sere alipochukua utawala baada ya Fundikira, mwishoni mwa miaka ya 1850, aliwatoza ushuru wafanyabiashara waliokuwa wamezoea kutolipa. Walimng'oa, wakamsimika Mkasiwa, na Mnywa Sere akapigana nao porini kwa miaka mpaka akauawa mwaka 1865. Snay bin Amir, aliyewakaribisha wapelelezi Waingereza Burton na Speke kwa ukarimu mkubwa huko Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857, aliuawa katika vita hivyo. Kati ya mtemi anayetoza ushuru katika nchi yake na wageni wanaomwondoa kwa kuwa anatoza, nani aliyevunja sheria? Mchezaji wako mmoja atajibu hivi na mwingine vile, na wote wawili watakuwa na hoja. Hayo ndiyo mabishano unayoyataka mezani. Ukiwa umeshaandika jibu kwenye karatasi, umeyaua kabla hayajaanza.

Kwa hiyo, wachezaji wanapounda wahusika wao, wakalie yale maswali matatu kwa muda mrefu kuliko wanavyokalia silaha. Mpagazi wa Kinyamwezi ni mahali pazuri pa kuanzia. Alikuwa mtu huru aliyefanya kazi ya ujira, akabeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, pamoja na chungu, mkeka na silaha yake. Kwao kijana aliyekwenda pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mwanamume. Alijua haki zake kuhusu posho na mapumziko, na aliweza kugoma au kutoroka zikikiukwa. Burton, ambaye hakuwa na neno jema kwa wengi, alikiri kwamba hata wakitoroka, wapagazi waliona ni suala la heshima kutoiba mizigo waliyokabidhiwa. Hapo tayari una mhusika kamili. Deni: mahari anayotakiwa kuilipa nyumbani. Ahadi: amemwambia kirangozi, kiongozi wa msafara, kwamba atafika Ujiji. Mpaka: ataweza kuutupa mzigo, lakini hataondoka nao. Ukimnyima posho siku tatu utaona mtu mzima akiamua, na hakuna mwelekeo kati ya ile tisa ungekuambia ataamua nini. Fanya vivyo hivyo kwa mke wa mpagazi anayefuata msafara na sufuria zake, kwa mnyapara aliyekopa nguo kwa mfanyabiashara wa Kihindi wa pwani, kwa askari aliyepoteza ndugu Wilyankuru.

Hapa huja pingamizi zito, na lisipojibiwa vizuri basi mchezo huu usichezwe. Mtu atasema: njia hii ilikuwa njia ya watumwa. Ukifuta wema na uovu unawaambia wachezaji kwamba anayeuza watu naye ana upande wake wa hadithi. Nakubali uzito wa hoja hii kuliko nyingine yoyote, na jibu langu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kwamba lebo ndizo zilizorahisisha uovu, wala hazikuuzuia. Kitabu cha viumbe cha mchezo ule kilichotoka mwaka 1977 kilichapisha mwelekeo wa kila aina ya kiumbe, hivi kwamba mhusika "mwema" aliweza kuua kijiji kizima cha "waovu" na kulala usingizi. Vitabu vya wapelelezi wa karne ya 19 vilifanya jambo hilohilo kwa watu wa kweli: kabila hili wezi, lile waoga, lile wakatili, kila moja likapewa tabia yake kama bidhaa ghalani. Meza inayocheza njia ya Unyanyembe kwa lebo inarudia daftari la mpelelezi. Tena, mfanyabiashara wa watumwa hakujiona mwovu. Tippu Tip aliacha maisha yake kwa Kiswahili, na humo biashara na vita vinasimuliwa kama kazi ya mtu yeyote mwenye bidii. Ukimchezesha kama shetani wachezaji watamtambua kwa mbali na kumkwepa. Ukimchezesha kama mtu mcheshi, mkarimu, anayelipa madeni yake, na ambaye nyuma ya tembe yake kuna watu waliofungwa minyororo, watalazimika kuamua kama watakula chakula chake.

Sehemu ya pili ni kwamba kumwelewa mtu hakumwondolei hatia, na mchezo uwe na njia ya kuonyesha hivyo. Anayeuzwa hana mabishano ya kinadharia na anayemwuza. Kwa hiyo kila mtumwa anayetokea katika hadithi awe na jina, kwao, na jambo analolitaka, na apewe nafasi ya kutenda: kukimbia, kudanganya, kusubiri, kulipiza. Biashara ya watu isiwe njia ya mchezaji kujipatia alama. Kabla ya kikao cha kwanza kubalianeni mambo yatakayotajwa bila kuigizwa, viboko na ubakaji yakiwa ya kwanza, na mtu yeyote aweze kusimamisha tukio bila kuulizwa sababu. Lakini msiyarahisishe mambo mpaka ionekane kwamba watumwa waliwindwa na watu wa mbali tu. Huko Unyamwezi kwenyewe kulikuwa na watumwa, na wapo wapagazi huru waliotumia ujira wao kununua watu wa kuwalimia mashamba walipokuwa safarini. Sidi Mubarak Bombay alikamatwa akiwa mtoto katika nchi ya Wayao, akauzwa, akakaa India miaka mingi, akaachwa huru, akarudi na kuwaongozea misafara Speke, Stanley na Cameron. Speke alimpiga ngumi. Na misafara aliyoisimamia yeye mwenyewe ilikuwa na wapagazi waliochapwa. Mchezaji atakayejaribu kuigiza maisha kama hayo atajifunza juu ya dhuluma mambo ambayo neno "mwovu" lingemfichia. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu, na hilo peke yake linatosha kumwonya yeyote anayetaka kuicheza mada hii kwa wepesi.

Mabishano yakizuka, jambo la kwanza ni kujua ni ya nani. Kuna mabishano ya wahusika: kirangozi anataka kulipa hongo, askari anataka kupigana. Hayo ni utamu wa mchezo, yaache. Kuna mabishano ya wachezaji: huyu mwenye kalamu anaona mwenzake anatumia mhusika wake kuudhi meza. Hayo hayamalizwi ndani ya hadithi; weka dadu chini muongee kwa majina yenu halisi. Waendesha mchezo wengi huharibikiwa kwa kutibu ya pili kana kwamba ni ya kwanza, wakatuma simba au mvua kumwadhibu mhusika wakati mwenye kosa amekaa mbele yao.

Kwa mabishano ya wahusika, njia yenyewe ilikuwa na utaratibu mzuri kuliko dadu: shauri. Misafara ilikaa chini kabla ya kuvuka nchi ya hatari, na neno la wapagazi lilikuwa na uzito kwa sababu bila mabega yao hakuna kinachoondoka. Fanyeni hivyo. Kila mhusika aseme, akitaja deni lake, ahadi yake au mpaka wake. Asiyeweza kutaja hata kimoja asikilize tu. Dadu iamue kama uamuzi umefanikiwa, isiamue kama ulikuwa wa haki. Ninyi wenyewe mtashangaa ni mara ngapi wanaopingana wanataka kitu kimoja. Mji huohuo wa Tabora ulishuhudia jambo kama hilo Januari 1958, mkutano mkuu wa TANU ulipobishana kama chama kiingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Waliokataa waliona aibu kuukubali ubaguzi ulioandikwa kwenye karatasi ya kura. Nyerere na waliokubali waliona kwamba kususia kungewaachia wengine Baraza la Kutunga Sheria. Wote walitaka uhuru. Zuberi Mtemvu alitoka akaunda chama chake. Nani kati yao ungemwita mwovu? Hata hivyo mkutano ulilazimika kuamua, na uamuzi ukawa na gharama. Shauri la mezani liwe hivyo: liishe, na aliyeshindwa awe na njia ya heshima ya kubaki au kuondoka.

Kuna msaada mwingine unaopatikana kwetu na ambao sijauona katika vitabu vya michezo hii. Utani kati ya Wanyamwezi na watu wa njiani na pwani unahusishwa na safari hizohizo za misafara, na mtani ana ruhusa ya kumwambia mwenzake ukweli mchungu bila kuchukiwa, pamoja na wajibu wa kumsaidia kwenye msiba. Mpe kila mhusika mtani mmoja mezani. Mhusika akikaribia kuuvuka mpaka alioujiwekea, mtani wake ndiye wa kumkejeli kwanza, mbele ya watu. Utaona kejeli ya mtani inarudisha mtu kwenye ahadi yake haraka kuliko hotuba ya mwendesha mchezo, kwa sababu haiji na kiti cha hakimu.

Wapo watakaosema bado kwamba anayeanza anahitaji lebo, la sivyo hajui mhusika wake afanye nini, na kwamba bila mwelekeo matendo hayana matokeo. Kuhusu la kwanza, mwulize huyo anayeanza lipi ni rahisi kuigiza: "mwema asiyefungwa na sheria", au "ana deni la robota mbili kwa Mwarabu wa Kwihara na hamwachi mgonjwa njiani". La pili ni hoja ya kweli, na dawa yake ni kuihamisha hukumu badala ya kuiondoa. Tunza ukurasa wa sifa kwa kila mahali: Tabora wanamwonaje mhusika huyu, Urambo wanamwonaje, Ugogo, pwani, na kambi ya wapagazi wenyewe. Kila tendo kubwa libadilishe kurasa hizo kivyake. Aliyelipa hongo bila kunung'unika atapata maji Ugogo safari ijayo, na Tabora watamwita mharibu bei. Aliyemficha mtoro atafungiwa milango ya tembe, lakini wapagazi watamfuata kwa posho pungufu. Hivyo wema na uovu vinabaki mezani, kila kimoja na mdomo unaokitamka, na mchezaji anajua kabisa ni nani aliyemhukumu na kwa nini.

Kikao cha kwanza kianzie Kwihara, karibu na Tabora, Julai 1871, vita vya Wilyankuru vikiwa bado havijapiganwa. Kuna mizigo inayotakiwa Ujiji: merikani, shanga, dawa za mzee mgonjwa ambaye hakuna ajuaye kama yu hai. Njia ya magharibi imefungwa na Mirambo. Waarabu wa Tabora wanawaita wageni wote wajiunge na vita na kuahidi kwamba itakuwa kazi ya siku chache. Kuna uvumi kwamba Mirambo anaweza kumpitisha asiye Mwarabu akija na zawadi na bila watu wenye silaha. Na ipo njia ya kusini, kupitia Ukonongo na Uvinza, ndefu, yenye mapori na njaa, ambayo ndiyo Stanley aliifuata mwishowe alipoondoka Septemba baada ya kushindwa vitani. Wapagazi watatu wanadai ujira wao wa nyuma leo hii, na mmoja wao ana ndugu Urambo. Kaa kimya, wape wachezaji wako karatasi zao, na mwulize kila mmoja kwa zamu ana deni kwa nani.